Maktaba ya ufuatiliaji wa intaneti
Maktaba ya ufuatiliaji wa intaneti ni msimbo unaowekwa ndani ya programu ili isome vipimo vya mtandao kutoka huduma ya wingu. Mfano ni sehemu ya boto3, maktaba ya lugha ya Python, inayowasiliana na Internet Monitor, huduma ya Amazon iliyotolewa rasmi mwaka 2023. Huduma hiyo hupanga watumiaji kwa mji na mtandao wanaotumia, kisha hupima upatikanaji na muda wa data kwenda na kurudi. Chukua mfano wa njia ya data kutoka mji wa Tabora, Tanzania: leo mji huo umeunganishwa na pwani kwa Mkongo wa Taifa wa mawasiliano. Kutoka Dar es Salaam huendelea nyaya za baharini za SEACOM (2009) na EASSy (2010). Kwenye njia ndefu kama hiyo, vipimo vya Internet Monitor husaidia kutofautisha hitilafu ya njiani na ya programu yenyewe.