Bahari Inapochafuka, Miteremko ya Nyeri Huporomoka

Ijumaa ya Mei 3, 2024, wazazi wengi wa Nyeri walikuwa wameshafunga masanduku ya watoto wa bweni. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu, baada ya kuahirishwa mara moja kwa sababu ya mafuriko. Siku hiyo Rais William Ruto akalihutubia taifa na kusema hazitafunguliwa hadi itakapotangazwa tena. Miongoni mwa mambo aliyoyataja ni kimbunga Hidaya, kilichokuwa kikiusogelea mwambao. Kutoka Kwale hadi Lamu tahadhari ilitolewa ya upepo mkali na mawimbi makubwa, na wavuvi wakaambiwa wakae nchi kavu. Tanzania nayo ikasitisha safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja. Mkazi wa Karatina, aliye zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, alikuwa na haki ya kuuliza hayo yote yanamhusu nini.

Upepo wenyewe haungemfikia. Kimbunga hujisokota kwa msaada wa mzunguko wa dunia, na msaada huo hufifia kadiri unavyoikaribia ikweta. Mji wa Nyeri uko chini ya nusu digrii kusini mwake. Hata mwambao wetu una vimbunga vichache vya kusimulia. Kuna kile cha Aprili 1872, kilichong'oa mikarafuu ya Unguja na kuangamiza meli za Sultan Barghash, Pemba ikasalimika na baadaye ikatamba kwa karafuu. Kuna cha 1952 kilichopiga Lindi. Hidaya kiliishiwa nguvu Mei 4 karibu na Mafia.

Lakini kimbunga kinaweza kutuvuruga kikiwa mbali sana. Machi 2018, Dumazile na Eliakim vilipita mashariki mwa Madagaska, na vimbunga vikikaa upande huo huvuta hewa yenye unyevu kutoka Kongo hadi kwetu. Masika ya mwaka huo yakawa ya gharika. Machi iliyofuata Idai kikapiga Beira, Msumbiji, na mvua zetu zikachelewa. Aliyepanda kwenye vumbi akitarajia mbura ya njahi, kama Wakikuyu wanavyoita masika, alibaki akitazama angani.

Ukirudi nyuma zaidi utaona tumekuwa tukiitazama bahari isiyo yetu. Tangu 1997 kila mvua kubwa tunaibandika jina la El Niño, inayozaliwa Pasifiki. Mafuriko makubwa ya mwishoni mwa 1961 hayakuwa na El Niño. Kilichotokea ni kwamba Bahari ya Hindi ilipata joto isivyo kawaida upande huu wa Afrika, na baada ya ukame uliowalazimu watu kula chakula cha msaada, mbingu zikafunguka. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita moja. Jomo Kenyatta alikuwa ametoka kifungoni Agosti mwaka huo. Hapa Nyeri vipande vya ardhi vilikuwa vimetoka kuunganishwa, na mashamba yamekatwa kwa mtindo tunaoujua hadi leo: nyumba juu ya kigongo karibu na barabara, kisha kahawa na mahindi yakishuka hadi mtoni.

Shamba la namna hiyo huliokoi siku mvua inapoanza. Kazi hufanywa Januari na Februari, udongo ukiwa mkavu. Juu ya nyumba unachimbwa mtaro wa kukinga maji, ulioinama kidogo tu upande mmoja ili maji yatembee yasikimbie. Katika shamba udongo wa mtaro hurushwa upande wa juu, ndiyo fanya juu, na ukingo wake hupandwa nepia ishike. Mvua ikikaribia, unapita na jembe kuondoa majani ya mti wa mukima yaliyoziba mtaro. Wazee wa miteremko ya Othaya na Mukurwe-ini wanajua pia dalili za udongo uliochoka: ufa mwembamba nyuma ya jikoni, mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama kwenye fremu, mti umeinama, chemchemi ya bondeni imegeuka rangi ya chai. Ukiona hayo usiku wa mvua, unawaamsha watoto na kutoka.

Ujuzi huu una kidonda chake. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta chini ya machifu, na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kwenye ajira mbali na nyumbani, mzigo uliwaangukia wanawake. Mwaka 1947 Murang'a iligoma, na wanawake wakasimama mstari wa mbele. Wakati wa Hali ya Hatari uchimbaji ukawa sehemu ya kazi za shuruti vijijini. Naamini mitaro mingi iliachwa izibe kwa sababu ya uchungu huo, na siwezi kuwalaumu walioiacha. Ilichukua miaka mingi, na kazi ya watu kama Wangari Maathai wa Ihithe, udongo uanze kutetewa kwa hiari.

Mwaka 1997 onyo la El Niño lilitolewa mapema na wengi hawakulijali. Desemba 29, Mwai Kibaki wa Othaya akiwania urais, mvua iliharibu barabara kiasi kwamba upigaji kura ukaongezwa siku. Mwaka 2015 tukaogopeshwa, ikaja mvua isiyofikia ile. Mwaka 2019 hakukuwa na El Niño ya kutajwa, Bahari ya Hindi ikachemka na milima ikaporomoka Pokot Magharibi. Oktoba 2023 Rais akasema El Niño haitakuja. Kabla ya mwaka kwisha watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa. Raia aliyeambiwa mara hivi mara vile huacha kusikiliza, na hilo linaniuma kuliko ubovu wa barabara.

Nalo deni letu la mitaro iliyoachwa izibe haliishii mlimani. Chania, Gura na Sagana huingia Tana, hupita Masinga na mabwawa manne yanayofuata, hadi baharini Kipini. Masika ya 2024 Masinga lilifurika. Aprili 28, siku tano kabla ya hotuba ile ya Rais, barabara ya Garissa ilikuwa imefunikwa na maji huko Madogo, na watu wakivuka kwa mashua. Moja ilipinduka na abiria wakafa. Sehemu kubwa ya maji ya Tana hutoka Mlima Kenya na Nyandarua, yakiwemo yanayotiririka kwenye mitaro tuliyoiacha izibe.