Mwalimu Arudi Mwitongo

Novemba 1985 Mwalimu Julius Nyerere alimkabidhi Ali Hassan Mwinyi urais wa Tanzania. Nyerere alikuwa na nyumba Msasani, Dar es Salaam, kando ya bahari, lakini makazi ya ustaafu wake aliyaweka Butiama, mkoani Mara, alikozaliwa mwaka 1922.

Kule Mwitongo, nyumbani kwao Butiama, kati ya majabali makubwa yaliyo jirani na kaburi la baba yake, Chifu Burito, Mwalimu alishika jembe. Wageni waliokwenda kumtafuta mkuu wa nchi wa zamani walimkuta mkulima. Hata hivyo kijiji hakikumficha: alibaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990, na kuanzia 1996 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, kazi iliyomtoa nyumbani mara kwa mara.

Tofauti na Mwalimu, Mwinyi alipostaafu aliendelea kuishi Dar es Salaam.

Ndiyo maana uamuzi wa Mwalimu wa kurudi kijijini una uzito wa pekee. Miaka mingi aliwahimiza Watanzania wajenge maisha yao vijijini. Zamu yake ilipofika, naye akaenda kukaa huko. Hilo linastahili heshima, hata kwa asiyekubaliana na siasa zake.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.