Wino kando ya kitanda: historia ya wasia wa mgonjwa

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa ameugua mwaka mzima alipomwita binti yake, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi aketi karibu naye. Ulikuwa mwaka 1275 wa Hijria, sawa na 1858, katika visiwa vya Lamu. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyewatoa jasho askari wa Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, alikuwa amekwisha kufa. Mama aliona wazi kwamba binti huyu angebaki bila baba wala mama. Utendi aliomtungia una beti 102, na ndani yake hamna shamba wala nyumba inayogawiwa. Mna dini, adabu, namna ya kuishi na mume na watu, kisha dua ndefu. Miaka kama miwili baadaye alifariki.

Utendi huo umejadiliwa sana kwa yale unayosema kuhusu ndoa. Ni mara chache husomwa kama ulivyokuwa siku ulipotungwa: usia wa mgonjwa.

Wasia, usia, wosia: ni neno moja la Kiarabu lililotia nanga pwani likapata matamshi matatu. Anayegawa mali kabla ya kufa anausia, na anayewaachia wanawe maneno ya kuwaongoza naye anausia. Lugha haikuona sababu ya kuyatenga mambo hayo mawili.

Hata hivyo, leo katika nyumba nyingi, mgonjwa akitaja wasia hukatizwa. Huambiwa anajichuria, eti anakiita kifo. Imani hiyo imeshika mizizi hata miongoni mwa watu ambao dini yao inasema kinyume. Mafundisho ya Uislamu yanamtaka mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Na kisa chenyewe kilichoweka kiwango cha wasia ni kisa cha mgonjwa. Sahaba Saad bin Abi Waqqas aliugua vibaya Makka mwaka wa Hija ya Kuaga, akiwa na binti mmoja tu. Alimuuliza Mtume kama atoe sadaka theluthi mbili za mali yake, akakataliwa. Nusu? Akakataliwa. Theluthi akaruhusiwa, tena akaambiwa kwamba hata hiyo ni nyingi, kwa kuwa kuwaacha warithi na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakiombaomba. Saad alipona, akapata watoto wengine, akaishi miongo kadhaa zaidi.

Mafakihi walikwenda mbali zaidi, wakayapa jina maradhi yanayoishia kaburini: maradhi ya mauti. Mtu akiwa ndani yake hawezi kugawa atakavyo. Tuseme mzee yuko hoi, anamwita mke kipenzi na kumpa nyumba mbele ya watu wawili. Akifa kwa ugonjwa huo, kadhi hataiona kama zawadi ya kawaida, bali ataipima kama wasia. Na kwa kuwa mke ni mrithi, warithi wengine wasiporidhia, nyumba inarudi kwenye mirathi. Ni kanuni kali, lakini ilimlinda mgonjwa dhidi ya wale wanaokizunguka kitanda wakati hana nguvu za kukataa.

Bara kulikuwa na taratibu zake, nyingi za mdomo. Tanganyika ilipoziandika sheria za mila mwaka 1963, wosia wa mdomo ulitakiwa kuwa na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wosia uliotolewa na mtu ambaye akili yake imevurugwa na maradhi, pombe au hasira ya ghafla haukukubalika. Kenya nayo, katika Sheria ya Mirathi iliyoanza kutumika mwaka 1981, iliutambua wosia wa mdomo kwa raia wa kawaida endapo tu aliyeutoa atafariki ndani ya miezi mitatu.

Ndipo ukaja UKIMWI, na taratibu hizo zikazidiwa. Wagonjwa wa kwanza Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983, karibu na Rakai ya Uganda iliyokuwa tayari inazika. Wajane walifukuzwa nyumbani matanga hayajaanuliwa, kwa kuwa marehemu hakuacha hata mstari mmoja.

Jibu lenye uzito zaidi lilitoka kwa wanawake wenyewe. Chama cha Uganda cha wanawake wanaoishi na virusi, NACWOLA, kilichoanzishwa mapema miaka ya 1990, kiliwafundisha akina mama kuandika kitabu cha kumbukumbu kwa kila mtoto. Mama aliandika mtoto alizaliwa wapi, babu zake ni nani, yeye mwenyewe alikuaje, jamaa gani wa kuwategemea, akabandika na picha. Pamoja na kitabu, walihimizwa kuandika wosia na kumtaja mlezi. Kwa wengi, kuandika huko ndiko kulikowapa ujasiri wa kumwambia mtoto ukweli wa ugonjwa. Na wengi walioandika wakitarajia kufa walifikiwa na dawa za kufubaza virusi, wakaishi kuwaona watoto wao wakikua.

Siku hizi jibu gumu la daktari huwa zaidi la saratani, figo au moyo, na jamaa bado wanakatiza maneno. Tanzania, tangu mwaka 2006, ina RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ambako mtu anaweza kuandikiwa wosia na kutunziwa. Masharti ya msingi ni machache: tarehe, sahihi, mashahidi, na wino badala ya penseli. Mgonjwa anayeomba karatasi leo apewe, na aliye karibu naye akae asikilize, kama Mwana Hashima.