Jordan, LeBron au Kareem: Nani hasa GOAT wa kikapu?

Ukitaka kijiwe cha wapenda kikapu kichangamke, taja jina moja tu: Michael Jordan. Kabla hujamaliza sentensi kuna mtu atakurushia LeBron James, mwingine atamlilia Kobe Bryant, na mzee mmoja pembeni atauliza kama mmewahi kumsikia Bill Russell.

Ubishi wa GOAT, yaani mchezaji bora wa muda wote, hauishi kwa sababu kila mtu anakuja na mizani yake. Tumekuwekea hoja za kila upande na namba zake, ili ukibisha ubishe kwa data.

Michael Jordan: hajawahi kupoteza fainali

Fainali 6, mataji 6, yote akiwa na Chicago Bulls (1991–1993 na 1996–1998). Mara zote 6 yeye ndiye aliyekuwa MVP wa fainali, na hakuna fainali hata moja iliyofika mechi ya saba.

Wastani wake wa pointi 30.1 kwa mechi ndio mkubwa kuliko wote katika historia ya NBA. Aliongoza ligi kwa kufunga misimu 10. Na si mfungaji tu: mwaka 1988 alichukua MVP na tuzo ya mlinzi bora kwa pamoja.

Wapinzani wanasema nini? Misimu yake mitatu ya mwanzo alitolewa raundi ya kwanza ya mtoano. Hakushinda hatua yoyote ya mtoano kabla Scottie Pippen hajafika mwaka 1987.

LeBron James: mbio ndefu

Aliingia NBA mwaka 2003 akitokea moja kwa moja sekondari. Ana mataji 4 na timu 3 tofauti: Miami Heat, Cleveland Cavaliers na Los Angeles Lakers. MVP 4, fainali 10.

Februari 2023 alivunja rekodi ya pointi ya Kareem, na Machi 2, 2024 akawa mtu wa kwanza kufikisha pointi 40,000. Oktoba mwaka huohuo akacheza mechi ya NBA timu moja na mwanawe, Bronny. Taji lake linalokumbukwa zaidi ni la 2016: Cleveland walikuwa nyuma 3-1 dhidi ya Golden State Warriors, timu iliyoshinda mechi 73 msimu ule, na bado wakabeba.

Doa lake ni fainali 6 alizopoteza, hasa ile ya 2011 dhidi ya Dallas. Lakini hapa jiulize kitu: kwa nini kupoteza fainali kunahesabiwa aibu kubwa kuliko kutolewa raundi ya kwanza? Jordan ana 6-0 kwa sababu miaka aliyoshindwa alishindwa mapema, hakufika fainali.

Kareem Abdul-Jabbar: jina linalosahaulika

Hapa ndipo wengi tunakosea. Kareem ana mataji 6, sawa na Jordan. Ana MVP 6, na hakuna aliyewahi kumfikia. Rekodi yake ya pointi 38,387 ilikaa zaidi ya miaka 30 baada ya kustaafu mwaka 1989. Mtupo wake wa 'skyhook', ule wa mkono mmoja kutokea juu ya kichwa, mabeki walijua unakuja na bado hawakuweza kuuzuia.

Sasa kwa nini hatajwi sana? Amestaafu kabla NBA haijasambaa dunia nzima. Mwaka 1992 Marekani walipeleka mastaa wa NBA kwenye Olimpiki ya Barcelona, na aliyekuwa juu ya kilele wakati huo ni Jordan. Wengi wetu tulimjua Jordan kwa raba zake kabla ya kuona mechi yake hata moja. Umaarufu na ubora ni vitu viwili tofauti.

Bill Russell na Wilt Chamberlain: enzi za wazee

Kama kigezo ni pete, mjadala umeisha: Russell ana mataji 11 katika misimu 13 na Boston Celtics. Mawili ya mwisho, 1968 na 1969, alikuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Yeye ndiye kocha mkuu wa kwanza mweusi katika NBA.

Kama kigezo ni namba, Wilt alifunga pointi 100 katika mechi moja, Machi 2, 1962, na msimu ule akamaliza na wastani wa pointi 50.4.

Hoja dhidi yao ni kwamba ligi ilikuwa ndogo. Russell alipoanza kulikuwa na timu 8 tu. Sawa, lakini kumbuka pia NBA ilianza kuhesabu bloku msimu wa 1973/74. Russell, mzuiaji hatari kuliko wote wa zama zake, ana bloku sifuri kwenye vitabu rasmi.

Ndiyo maana rekodi ya bloku inashikiliwa na Mnigeria Hakeem Olajuwon (3,830), akifuatiwa na Mkongo Dikembe Mutombo (3,289). Rekodi yao ni halali kabisa. Ila inaonyesha kwamba namba hazisemi yote.

Kwa hiyo ni nani?

Kabla ya kubishana, kubalianeni kigezo kwanza:

- Mechi moja ya kufa na kupona: Jordan.
- Kazi ndefu na kufanya kila kitu uwanjani: LeBron.
- Mataji: Russell.
- Rekodi za mtu mmoja: Wilt.
- Vyote kwa pamoja, kuanzia MVP, mataji, pointi hadi miaka 20 uwanjani: Kareem.

Ukinilazimisha, nitasema Jordan, kwa sababu alipokuwa kwenye kilele chake hakuna aliyeweza kumshusha. Lakini orodha yoyote inayomwacha Kareem nje ya watatu bora, huyo aliyeiandika aulizwe vizuri.

Wewe unasimama na nani?