Sistimu Si Nzito, Haijui Tu pa Kutafuta

Wasee, hakuna maneno yananichosha kama "ngoja kidogo, sistimu iko polepole." Umepanga foleni, umetaja nambari yako ya simu, karani amebonyeza, halafu nyote wawili mnaangalia kiduara kikizunguka. Wakubwa nao huwa na dawa moja tu: tununue seva kubwa zaidi. Kabla hujatoa pesa, hebu pitia historia kwanza, maana hili tatizo ni la zamani kuliko umeme.

Twende Paris, miaka ya 1230. Watawa Wadominiko wa nyumba ya Saint-Jacques walikuwa na Biblia zilizoandikwa kwa mkono. Mhubiri akitaka kila mahali neno fulani limetajwa, asome kitabu chote ama ategemee kichwa chake. Wakiongozwa na Hugo wa Saint-Cher, wakapanga maneno kwa alfabeti, na kando ya kila neno wakaandika linapatikana wapi. Aya zilikuwa bado hazina nambari, kwa hivyo waligawanya sura vipande na kuviita A mpaka G. Biblia haikupunguzwa hata neno moja. Mhubiri hakusoma haraka kuliko jana. Alijua tu pa kufungua. Hiyo ndiyo faharasa, na kwenye kompyuta tunaiita indeksi.

Kompyuta nazo zilianza vibaya vilevile. Data nyingi ilikaa kwenye kanda, kama kaseti za wazazi wetu: unataka wimbo wa mwisho, upitishe zote. Mwaka 1956 IBM wakatoa RAMAC, mashine yenye diski 50, kila moja upana wa inchi 24. Zote pamoja zilibeba herufi milioni 5. Picha moja ya simu yako ingeweza kuijaza, lakini mkono wake uliweza kuruka moja kwa moja hadi penye data. Swali likawa: nani atauambia mkono uende wapi?

Jibu tunalotumia mpaka leo lilitoka Boeing, ndiyo, wale wa ndege. Rudolf Bayer na Edward McCreight waliliwasilisha 1970, na 1972 likachapishwa kwenye jarida. Fikiria uko na rekodi milioni moja. Ukizipanga kama mti ambao kila tawi lina njia mbili tu, utapita hatua kama 20 kufika. Kila hatua inaweza kuwa safari nzima ya ule mkono wa diski, na hapo ndipo muda unaisha. Wao wakasema tawi lipewe njia nyingi. Ukiwa na njia 100: 100 × 100 × 100 ni milioni moja. Hatua 3, umefika! Na tawi likijaa linagawanyika mara mbili, kwa hivyo mti hauinami upande mmoja. Wakauita mti wa B. B ni ya nini? Hawakuwahi kueleza. Ila ndio PostgreSQL hukupa usipotaja aina nyingine ya indeksi, na uko pia ndani ya SQLite, ambayo iko kwenye kila simu ya Android.

Mimi niliacha chuo, haya nimejisomea. Kuna duka la jumla niliitwa kuangalia sistimu yao. Mwenye duka alikuwa ameshaambiwa anunue mashine mpya. Kumbe jedwali la wateja halikuwa na indeksi ya nambari ya simu, kwa hivyo kila mteja akifika, kompyuta inasoma wateja wote kutoka wa kwanza. Nikaandika amri ya mstari mmoja. Seva ni ile ile, na jibu likaanza kuja kabla karani hajainua macho.

Sasa utauliza, mbona tusiweke indeksi kila mahali? Edgar Codd wa IBM alishalijibu hilo mwaka huo huo wa 1970, kwenye andiko lililoanzisha databesi za majedwali: indeksi huharakisha maswali, lakini huchelewesha kuingiza na kufuta rekodi. Ni kama mwenye duka aliye na daftari tano. Kila akiuza, anaandika mara tano.

Kwa hivyo lazima mtu achague, na hapa ndipo mimi nakasirika. Lile duka lilikuwa na indeksi, bana. Ilikuwa ya tarehe, ndiyo ripoti ya bosi ya mwisho wa mwezi itoke chap chap. Swali la bosi lilikuwa na barabara. Swali la mteja, linaloulizwa siku nzima, halikuwa nayo. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake IBM walieleza jinsi programu inavyokadiria gharama ya kila njia na kuchagua ya bei nafuu. Poa, lakini inachagua kati ya njia ambazo mtu ametengeneza.

Ukijenga sistimu, usianze na bosi. Keti na karani siku moja, andika anaulizwa nini mara nyingi. Kisha tumia amri ya EXPLAIN, databesi ikuonyeshe inapita wapi. Ukiona inasoma jedwali kubwa zima ikitafuta mtu mmoja, umepata shida yako, na kuirekebisha hakuhitaji seva mpya.

Kwenu iko aje? Ni swali la nani hujibiwa kwanza?