Tume Iliyojifunza Kufuata Mali

Siku tatu kabla ya Krismasi ya mwaka 2000, Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa uamuzi katika kesi ya Gachiengo dhidi ya Jamhuri, na chombo kizima cha kupambana na ufisadi kikafa siku hiyo. Majaji walisema Mamlaka ya Kupambana na Ufisadi, KACA, haikuwa halali kikatiba. Kushtaki kulikuwa kazi ya Mwanasheria Mkuu. Tena mkurugenzi wake, Aaron Ringera, alikuwa jaji, na jaji hawezi kukaa mahakamani na papo hapo akaongoza upelelezi.

Anayetaka kuielewa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, yenye makao yake Integrity Centre, pale Barabara ya Valley inapokutana na Jakaya Kikwete, na aanzie kwenye uamuzi huo. Swali la siku ile halijawahi kuondoka: nani ana haki ya kumpandisha mshukiwa kizimbani?

Kabla ya KACA swali hilo halikuwa na uzito, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kulibeba. Sheria ya kuzuia ufisadi ilitungwa na wakoloni mwaka 1956 na ikadumu hadi 2003, kwa miaka mingi ikiwa mikononi mwa polisi. Mwaka 1993 polisi waliunda kikosi maalumu, na miaka miwili baadaye kikavunjwa. Katika miaka hiyohiyo, kijana mmoja wa Benki Kuu, David Munyakei, aliona malipo ya Goldenberg yakipita mezani pake, mabilioni ya shilingi kwa dhahabu ambayo haikuwepo. Kwa sababu hapakuwa na ofisi ya kuiendea, aliwapelekea hati wabunge wa upinzani. Alikamatwa, akafutwa kazi, na alipofariki mwaka 2006 alikuwa maskini. Nchi hii ilimkosea mtu huyo, na haijamlipa hadi leo.

KACA ilizaliwa mwaka 1997, mwaka ambao Shirika la Fedha la Kimataifa lilisitisha mikopo na serikali ya Rais Moi ikahitaji kuonyesha kuwa inafanya jambo. Mkurugenzi wake wa kwanza, John Harun Mwau, aliteuliwa Desemba. Alipowageukia maafisa wakuu wa Hazina, alisimamishwa kazi Julai 1998, na jopo likapendekeza aondolewe. Ringera akaja baada yake, kisha ukaja uamuzi wa Gachiengo. Mwaka 2001 Bunge likakataa kubadilisha Katiba ili kuifufua mamlaka hiyo, na kazi ikarudi kwa polisi, ilikotoka.

Serikali ya muungano wa Narc ilipoingia madarakani, sheria mpya ilianza kutumika Mei 2003. Waandishi wake walikuwa wamejifunza. Tume mpya, KACC, ilipewa uwezo wa kupeleleza lakini si wa kushtaki: faili likikamilika linakwenda kwa Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba ya 2010 kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mtindo huo ndio uliopo leo. Mpelelezi anaweza kuandaa mtego, akapaka noti dawa isiyoonekana, akamkamata karani na fedha hizo, akamfuta vidole kwa pamba ili maabara ithibitishe aliyezishika. Hata akiwa na pamba hiyo kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, hana mamlaka ya kumfungulia karani huyo kesi. Wakenya wengi hawalijui hili, ndiyo maana lawama zote humwangukia mtu mmoja pale Integrity Centre.

Lakini ndani ya sheria hiyohiyo ya 2003 kulikuwa na mlango mwingine, na kwa maoni yangu ndio muhimu kuliko yote. Tume iliruhusiwa kufungua kesi ya madai yenyewe, kwa jina lake, bila kuomba ruhusa ya mtu, ili kurudisha mali ya umma. Sheria hiyo inaiwezesha kumwandikia mtumishi wa umma na kumtaka aeleze mali isiyolingana na mapato yake. Akishindwa kueleza, mahakama inaweza kuamuru alipe serikali. Kabla ya hapo tume huomba amri ya kuizuia mali hiyo kwa miezi 6 ili isiuzwe wala kuandikishwa kwa jina la shemeji. Na katika kesi ya madai hauhitajiki ushahidi usioacha shaka, unatosha ule unaoelemea upande mmoja.

Ndipo tunapofika Karen, jijini Nairobi. Mtaa huu ulikuwa shamba la kahawa lililofilisika, na baada ya 1931 ukakatwa viwanja. Leo ekari moja hapa ni utajiri mtupu, na fedha zisizoweza kuelezwa hupenda kujificha nyuma ya ua mrefu na lango la chuma. Ardhi yenyewe nayo huwindwa. Tume ya Ndung'u, iliyowasilisha ripoti mwaka 2004, ilikadiria kuwa hatimiliki zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria nchini. Msitu wa Barabara ya Ngong, unaopakana na Karen, ni miongoni mwa maeneo yaliyomegwa. Mwaka 2014 nchi ilishtuka kusikia ugomvi wa ekari 134 za Karen, zilizosemekana kuwa na thamani ya shilingi bilioni 8, kila upande ukija na karatasi zake. EACC iliingia katika suala hilo, na kama ilivyo kwa kila kesi ya ardhi, kazi ilikuwa ya kufukua mafaili: nani alitia saini, lini, na kwa idhini ya nani.

Ukitoka Karen kuelekea mjini kwa Barabara ya Lang'ata, unapita makaburi ya umma ambayo yalijaa zamani. Baraza la Jiji lilitafuta ardhi nyingine, na mwaka 2009 shilingi milioni 283 zililipwa kwa ekari 120 huko Mavoko, bei iliyozidi mara nyingi thamani halisi. Chini ya udongo mwembamba kulikuwa na mwamba, hata kaburi halichimbiki. Maafisa kadhaa walihukumiwa kifungo mwaka 2018, miaka 9 baada ya fedha kutoka. Wakazi wa Nairobi bado wanazika Lang'ata, kaburi juu ya kaburi, na kila ninaposikia watu wakisema ufisadi hauna mwathiriwa huwafikiria wafiwa wanaotafuta nafasi pale.

KACC haikuishi kuona hukumu hiyo. Ringera, aliyerudi kuwa mkurugenzi wake, alijiuzulu Septemba 2009, Bunge lilipopinga kuteuliwa kwake tena. P.L.O. Lumumba alichukua nafasi yake 2010, na mwaka mmoja baadaye Bunge likapitisha sheria ya kuivunja tume na kuunda EACC. Uteuzi wa mwenyekiti wa EACC, Mumo Matemu, ulifutwa na Mahakama Kuu 2012, ukarudishwa na Mahakama ya Rufaa 2013. Mwenyekiti aliyefuata, Philip Kinisu, alijiuzulu Agosti 2016, miezi michache tu baada ya kuapishwa. Ajabu ni kwamba katikati ya misukosuko hiyo makatibu wakuu wawili wa tume, Halakhe Waqo na Twalib Mbarak, walimaliza mihula yao ya miaka 6, jambo ambalo Mwau na Lumumba hawakulikaribia.

Na kesi za mali zikaendelea. Ile iliyofunguliwa mwaka 2008 dhidi ya aliyekuwa meneja wa fedha wa shirika la serikali la maji ilipita mikononi mwa wakuu kadhaa wa tume chini ya majina mawili tofauti. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ilithibitisha kwamba alishindwa kueleza alikozipata fedha, na kwamba lazima ailipe serikali shilingi milioni 41.2. Hiyo ni miaka 11 mahakamani kwa mtu mmoja, na wengine wako foleni.