Ukisusa Wenzio Wala: Dunia na Ubaguzi wa Afrika Kusini

Ukisusa wenzio wala. Hivyo ndivyo watu wa pwani wamchekavyo mgeni aliyekisukuma chano kwa hasira: yeye atalala na njaa, na chano kitarudi jikoni kitupu. Msemo huu una ukweli wake, na ndio uliokuwa hoja kubwa ya waliopinga kuiwekea vikwazo Afrika Kusini ya makaburu. Tusiponunua sisi, walisema, watanunua wengine. Basi yafaa kuuliza: waliosusa walipata nini, na kwa gharama ya nani?

Wa kwanza kusimama ilikuwa India. Mwaka 1946, kabla haijapata uhuru wake, ilikata biashara na Afrika Kusini na kuyafikisha mbele ya Umoja wa Mataifa madhila ya Wahindi walioishi huko. Miaka miwili baadaye Chama cha National kilishika serikali, na ubaguzi uliokuwapo tangu zamani ukafanywa sheria kamili: wapi mtu akae, asome nini, amuoe nani.

Mwaka 1959 Albert Luthuli, rais wa ANC, aliuomba ulimwengu usuze bidhaa za nchi yake mwenyewe. Tarehe 26 Juni mwaka huo mkutano ulifanyika London kuitikia wito wa kususa, na miongoni mwa waliohutubia alikuwa Julius Nyerere, ambaye nchi yake nayo ilikuwa bado chini ya Mwingereza. Waliopinga walidai kuwa vikwazo vitamuumiza mtu mweusi kabla ya kumgusa kaburu. Luthuli hakukana kwamba watu wake wataumia. Alijibu kuwa wako tayari kuilipa gharama hiyo, ikiwa itaufupisha utumwa wao. Jibu hilo lilimvua mtetezi wa biashara joho la huruma.

Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji huko Sharpeville; kwa hesabu ya serikali watu 69 waliuawa. Novemba 1962 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likazitaka nchi wanachama kuvunja uhusiano na Pretoria. Lakini chano kilikuwa na walaji wengi. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilikata mafuta. Iran ya Shah ikaendelea kuyauza hadi mapinduzi ya 1979. Tarehe 30 Oktoba 1974, ilipotakiwa Afrika Kusini ifukuzwe katika Umoja wa Mataifa, Uingereza, Marekani na Ufaransa zilipiga kura ya turufu kwa pamoja. Katika viti vya Tanzania siku zile alikuwapo Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba. Majuma mawili baadaye Baraza Kuu, ambalo kura ya turufu haina nguvu ndani yake, liliukatalia ujumbe wa Pretoria kushiriki vikao vyake. Na mwaka 1981 Salim aliongoza mjini Paris mkutano wa kimataifa wa vikwazo.

Uwanja wa michezo nao ulikuwa na mshairi wake. Dennis Brutus, mtunzi aliyepigwa marufuku kuchapisha maandishi yake, alikuwa kinara wa harakati za kuwafungia milango ya Olimpiki wabaguzi. Afrika Kusini ilipozuiwa kwenda Tokyo mwaka 1964, yeye alikuwa mfungwa. Mwaka 1970 nchi hiyo ikafukuzwa kabisa katika Kamati ya Olimpiki.

Kisha ikaja Montreal, 1976. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikicheza Afrika Kusini wakati damu ya watoto wa Soweto haijakauka. Kamati ya Olimpiki ilipokataa kuiadhibu New Zealand, zaidi ya nchi 20, nyingi za Afrika, zilisusa michezo hiyo. Tanzania ilikuwa mojawapo. Filbert Bayi, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 1500 tangu 1974, hakukimbia. Dhahabu ya mbio hizo ilichukuliwa na John Walker, raia wa New Zealand. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa msemo wetu: aliyesusa alisusa, na mwenzie akala.

Hata hivyo kususa kuliendelea kuenea. Julai 1984 huko Dublin, Mary Manning, mfanyakazi wa duka akiwa na umri wa miaka 21, alikataa kupokea malipo ya mabalungi yaliyotoka Afrika Kusini. Akasimamishwa kazi, wenzake 10 wakatoka naye, wakakaa mgomoni karibu miaka mitatu. Mwaka 1987 Ireland ikapiga marufuku matunda na mboga za nchi hiyo.

Wakubwa walifika mwisho. Mwaka 1985 benki ya Chase Manhattan ilikataa kuiongezea Afrika Kusini muda wa mikopo, na Septemba serikali ya makaburu ikasimamisha ulipaji wa madeni. Mwaka 1986 Bunge la Marekani likapitisha vikwazo, likilipuuza katazo la Rais Reagan. Bila ya wananchi wenyewe kuasi mitaani, viwandani na mashuleni, vikwazo peke yake visingeung'oa utawala ule. Lakini walioasi hawakuwa wapweke.

Tarehe 27 Aprili 1994 wananchi wa rangi zote walipiga kura. Luthuli hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1967. Bayi alipata nishani ya fedha Moscow mwaka 1980, katika mbio za kuruka viunzi na maji, wala si katika mita 1500 zake. Msemo wetu basi haukosei kuhusu siku ya kwanza: anayetangulia kususa hulala na njaa. Usichokisema ni kwamba wenzake nao huweza kunawa mikono, mmoja mmoja, hata mwenye chano akabaki peke yake.